Usimikaji wa Mirija ya Kupimia Unyevu wa Udongo katika Miteremko ya Maliba, Kasese: Masharti ya Kuaminika kwa Takwimu

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna ya kusimika mirija ya kupimia unyevu wa udongo katika miteremko yenye mawe, kwa kuitazama kaunti ndogo ya Maliba, wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda. Hoja kuu ni kwamba kipimo cha unyevu hakiwezi kuwa bora kuliko mguso uliopo kati ya mrija na udongo unaouzunguka. Mwanya mdogo wa hewa unatosha kuyafanya maji ya mvua yateremke kandokando ya mrija, na chombo kikaonyesha kuwa matabaka ya chini yamelowa ilhali sehemu kubwa ya mteremko ingali kavu. Kwa kuwa kosa hili hujitokeza zaidi wakati wa mvua kubwa, yaani wakati ule ule ambapo taarifa inahitajika kwa ajili ya tahadhari, makala yanapendekeza kwamba kumbukumbu ya usimikaji ihesabiwe kuwa sehemu ya takwimu zenyewe.

1.0 Utangulizi

Wilaya ya Kasese imebanwa kati ya milima ya Rwenzori na bonde la ufa. Kutoka Ziwa George, lililo kwenye mwinuko wa takriban mita 914, ardhi hupanda hadi kilele cha Margherita chenye mita 5,109. Mito inayotiririka kutoka milimani humwagilia mashamba ya tambarare, lakini pia huleta maafa. Tarehe 1 Mei 2013 mto Nyamwamba ulifurika na kuharibu makazi na miundombinu ya Kilembe na mji wa Kasese. Mwezi Mei 2020 mito kadhaa ya wilaya hiyo, ikiwemo Nyamwamba, Mubuku, Nyamugasani na Lhubiriha ulio upande wa Bwera, ilivunja kingo zake, na hospitali ya Kilembe ikapata hasara kubwa. Septemba 2022 maporomoko ya udongo yaliua zaidi ya watu 10 katika kijiji cha Kasika, kaunti ndogo ya Rukoki.

Baada ya kila tukio, swali huulizwa: je, ingewezekana kuonya mapema? Kipimamvua peke yake hakitoi jibu. Mvua ya milimita 40 inayonyesha juu ya udongo mkavu huweza kunywewa yote na ardhi. Mvua ya kiasi hicho hicho inayonyesha juu ya udongo uliokwisha kushiba maji hutiririka juu ya ardhi, au huongeza mgandamizo wa maji ndani ya mteremko hadi ukaporomoka. Kinachotofautisha hali hizi mbili ni unyevu uliokuwamo ardhini kabla ya mvua kunyesha.

Setilaiti hutoa makadirio ya unyevu, lakini zile zinazotumia mawimbi ya mikro, kama SMOS iliyorushwa mwaka 2009 na SMAP iliyorushwa mwaka 2015, huona sentimita chache tu za juu, na picha yake moja hujumuisha eneo la makumi ya kilomita. Katika Kasese, eneo la ukubwa huo linaweza kuwa na mbuga kavu, mashamba ya kahawa na msitu wa mlimani kwa pamoja. Kwa hiyo haja ya kupima ndani ya ardhi, kwenye mteremko mahususi na kwa kina mahususi, haiepukiki. Mrija wa kupimia ni mojawapo ya njia kongwe na rahisi za kufanya hivyo. Makala haya hayaripoti matokeo ya jaribio. Yanaeleza kazi inayotakiwa kufanyika kabla jaribio lolote halijaaminiwa.

2.0 Mrija wa kupimia na kanuni zake

Mrija wa kupimia ni bomba jembamba lenye kuta nyembamba, linalosimikwa wima ardhini na kuachwa humo kwa miaka. Mpimaji huteremsha chombo ndani ya bomba hilo, husoma unyevu katika kina kimoja baada ya kingine, kisha hukitoa chombo na kwenda nacho kwenye mrija mwingine. Faida yake ni mbili: udongo ule ule hupimwa tena na tena bila kuchimbwa, na chombo kimoja huhudumia mirija mingi.

Vyombo vinavyotumika ni vya aina kuu mbili. Aina ya kwanza hutumia nyutroni. Chanzo chenye amerisi na berili hutoa nyutroni ziendazo kasi. Zinapogongana na hidrojeni, ambayo sehemu yake kubwa udongoni imo ndani ya maji, hupungua kasi, na chombo huhesabu zile zilizopungua. Eneo linalopimwa ni tufe lenye nusu kipenyo cha takriban sentimita 15 katika udongo uliolowa, na sentimita 30 au zaidi katika udongo mkavu. Aina ya pili hutumia uga wa umeme. Kipeo cha dielektriki cha maji hukaribia 80, cha madini ya udongo mkavu ni kati ya 3 na 5, na cha hewa ni 1; hivyo badiliko dogo la maji hubadilisha sana usomaji. Hata hivyo, uga huo hupenya sentimita chache tu kutoka kwenye ukuta wa mrija, na nguvu yake kubwa imo katika milimita za mwanzo.

Tofauti hii ndiyo msingi wa mjadala mzima. Chombo cha nyutroni husoma udongo mwingi, kwa hiyo huvumilia kwa kiasi dosari iliyo karibu na mrija. Chombo cha uga wa umeme husoma hasa pale ambapo keekee ilipita. Mwanya wa hewa ukiwapo, chombo hicho huona hewa wakati wa kiangazi na maji matupu wakati wa mvua; udongo wenyewe hakiuoni vizuri katika hali yoyote kati ya hizo.

Mali ya mrija nayo huchaguliwa kwa kufuata chombo. Alumini hupitisha nyutroni bila kuzizuia sana, lakini huuziba uga wa umeme. Plastiki ya PVC hufaa kwa uga wa umeme, ila klorini iliyomo humeza nyutroni zilizopungua kasi. Kwa sababu hiyo mlinganyo uliotayarishwa kwa mrija wa mali moja haufai kuhamishiwa mrija wa mali nyingine.

Kwa upande wa sera, chombo cha nyutroni kina sharti la ziada. Sheria ya Nishati ya Atomiki ya Uganda ya mwaka 2008 iliunda Baraza la Nishati ya Atomiki, na kila mwenye chanzo cha mionzi anapaswa kuwa na leseni yake. Nusu uhai wa amerisi inayotumika ni takriban miaka 432, ilhali miradi mingi ya utafiti huisha ndani ya miaka michache. Mshauri wa sera anapaswa kuuliza tangu mwanzo ni nani atakayekitunza chanzo hicho mradi ukiisha.

3.0 Funzo kutoka Afrika Mashariki

Upimaji wa unyevu katika miteremko si jambo geni katika eneo letu. Shirika la Utafiti wa Kilimo na Misitu la Afrika Mashariki, lililokuwa na makao yake Muguga, Kenya, liliendesha tafiti za mabonde ya mito katika Kericho, Kimakia, Mbeya na Atumatak ya Karamoja. Ripoti yake kuu ya kwanza, chini ya uongozi wa H. C. Pereira, ilitolewa mwaka 1962. Watafiti hao walitumia sampuli za udongo na vihisi vya jasi vilivyozikwa katika vina mbalimbali.

Mfano wa Mbeya unaigusa Maliba moja kwa moja. Huko, bonde lenye msitu na bonde lililolimwa kwenye miteremko mikali yalilinganishwa. Bonde lililolimwa lilitoa maji mengi zaidi mtoni, hata wakati wa kiangazi, kwa kuwa miti ilitumia maji mengi kuliko mazao na udongo wa majivu ya volkano uliweza kuinywa mvua. Matokeo hayo yalipingana na imani iliyoenea kwamba kukata msitu daima hukausha mito. Hayakumaanisha kwamba kila mteremko waweza kulimwa. Yalionyesha kwamba jibu hutegemea udongo wa mahali husika. Udongo wa Maliba haukutokana na majivu kama ule wa Mbeya, na hivyo hauwezi kuazima jibu la Mbeya. Sharti upimwe wenyewe.

4.0 Usimikaji katika miteremko ya Maliba

4.1 Hali ya eneo

Maliba iko kwenye miteremko ya mashariki ya Rwenzori, kaskazini ya mji wa Kasese. Miamba ya msingi ni hasa naisi na jamii zake, na juu yake kuna udongo uliochanganyika na changarawe na mawe yaliyoteremka kutoka juu. Penye miguu ya milima, mito imetandaza mashapo yenye majabali. Mashamba ni madogo, na katika shamba moja huonekana kahawa, migomba, maharagwe na mihogo. Mazingira haya huleta matatizo matatu kwa msimikaji: mawe, mteremko, na ardhi inayolimwa kila msimu.

4.2 Kuchagua mahali

Mahali huchaguliwa kwa kufuata swali la utafiti. Kwa suala la maporomoko, mirija hupangwa kwenye mstari unaoshuka: sehemu ya juu, ya kati na ya chini ya mteremko, na kila sehemu ipate angalau mirija 3. Mrija mmoja hauwezi kutofautisha hali ya mteremko na hali ya shimo lake. Pawe mbali na njia za miguu, makorongo, na maji yatiririkayo kutoka mapaa ya mabati. Katika shamba la kahawa, iandikwe iwapo mrija uko chini ya kivuli cha mti au kati ya mistari, kwa kuwa mizizi na matone ya majani hubadilisha unyevu.

Kabla ya kuchimba, ardhi hudungwa kwa nondo nyembamba ili kujua mawe yako wapi. Hapa pana mtego. Msimikaji aliyeshindwa na jiwe husogea hatua moja, hujaribu tena, na hatimaye husimika pale ambapo hakuna mawe. Mirija yote ikisimikwa hivyo, takwimu zitaeleza udongo laini peke yake. Tuchukue mfano wa hesabu: ikiwa udongo laini una maji 0.30 ya ujazo wake, na mawe yasiyoshika maji yanachukua 0.30 ya ujazo wa mteremko, basi unyevu wa mteremko mzima ni 0.30 × 0.70, yaani 0.21. Katika kina cha mita 1, hii ni tofauti kati ya milimita 300 na milimita 210 za maji. Kosa la milimita 90 linaweza kuzidi mvua nzima inayohofiwa. Kwa hiyo kila shimo lililoshindikana linapaswa kuandikwa pamoja na kina lilipokwamia, na kiasi cha mawe kikadiriwe kwa kuchimba shimo la wazi karibu na kituo.

4.3 Kutoboa na kuingiza mrija

Kazi ifanywe udongo ukiwa na unyevu wa wastani. Udongo mkavu humomonyoka na kuacha mapengo. Udongo uliolowa sana hupakwa na keekee kwenye ukuta wa shimo hadi ukawa kama chungu kilichosuguliwa, na maji yakashindwa kupenya. Wafanyakazi wasimame juu ya ubao ili wasiukanyage udongo utakaopimwa.

Njia inayofaa ni ya hatua fupi. Keekee ya udongo yenye kipenyo kidogo kuliko cha nje cha mrija hupitishwa ndani ya mrija wenyewe, hutoboa takriban sentimita 10 mbele, hutolewa pamoja na udongo wake, kisha mrija husukumwa chini kwa kiasi hicho hicho. Ncha ya mrija hukwangua ukuta wa shimo na kuubana. Hatua hizi hurudiwa hadi kina kinachotakiwa. Mrija usipigwe kwa nyundo kuvuka jiwe: hupinda, na kutikisika kwake hupanua shimo la juu. Mirija ya plastiki au ya nyuzi za kioo, isiyostahimili kusukumwa, huingizwa katika shimo lililotobolewa kwa keekee maalumu ya kipimo chake.

Udongo wa kila hatua uwekwe kwa mpangilio juu ya turubai na kuelezwa: rangi, chembe, mawe, mizizi. Maelezo haya hayagharimu kitu wakati huo, na hayawezi kupatikana tena bila kuchimba upya.

Penye changarawe nyingi, mwanya hauepukiki, na baadhi ya wasimikaji huujaza kwa uji mzito wa udongo. Uji wa bentonaiti au wa saruji huziba vizuri, lakini huwa na unyevu wake wenyewe, na chombo cha uga wa umeme kitaupima huo badala ya mteremko. Uji uliotengenezwa kwa udongo laini wa shimo lile lile una madhara madogo zaidi. Vyovyote iwavyo, aina ya uji na kiasi chake viandikwe.

4.4 Mteremko, mdomo na kitako

Mrija husimikwa wima kwa kutumia timazi, wala si kwa kukadiria kwa macho. Katika mteremko wa nyuzi 30, kina cha sentimita 100 kilichopimwa wima ni sawa na sentimita 87 tu zikipimwa kwa pembe mraba na uso wa ardhi. Anayekokotoa uthabiti wa mteremko lazima ajue ni kina kipi kilichotumika.

Kitako cha mrija kizibwe kwa kizibo kinachobana, ili maji ya chini yasipande ndani. Mdomo ubaki sentimita chache juu ya ardhi na ufunikwe. Kuzunguka mdomo, udongo ushindiliwe kwa vidole na kuinuliwa kidogo ili maji yasituame. Kumwaga zege kuzunguka mrija ni kosa: zege huzuia mvua isiingie pale panapopimwa.

4.5 Wenye shamba

Mrija husimama katika shamba la mtu. Jembe huweza kuugonga, na alumini huuzika kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Makubaliano na mwenye shamba, yakifanywa kwa lugha anayoitumia, ambayo kwa wengi wa Maliba ni Lhukonzo, yaeleze ni sehemu gani haitalimwa, fidia yake ni nini, na matokeo atayapataje. Kituo ambacho mwenye shamba hakijui maana yake hakidumu.

5.0 Kuutambua mrija unaodanganya

Mrija mpya usiaminiwe hadi udongo utulie kwa mvua kadhaa. Baada ya hapo, ishara moja hutazamwa kwa makini: mpangilio wa kulowa. Kwa kawaida maji hulowesha sentimita 10, kisha 20, kisha 40, na kuendelea. Iwapo usomaji wa sentimita 60 au 100 unapanda pamoja na ule wa juu, au kabla yake, kuna uwezekano wa sababu mbili. Ya kwanza ni maji kuteremka kandokando ya mrija. Ya pili ni njia halisi za maji zilizoachwa na mizizi, mchwa au fuko, ambazo katika miteremko ya milimani ni za kawaida.

Sababu hizi mbili haziwezi kutenganishwa kwa kutazama jedwali. Hutenganishwa kwa kuchukua sampuli ya udongo wa kina kile kile, umbali wa takriban mita 1 kutoka kwenye mrija, mara baada ya mvua. Sampuli ikiwa imelowa, huenda mrija unasema kweli. Ikiwa kavu, mrija unashukiwa. Mirija 3 ya sehemu moja husaidia pia: mmoja ukilowa chini peke yake katika kila mvua, ung'olewe na kusimikwa upya mahali pengine.

Athari yake kwa tahadhari ni kubwa. Mrija unaovujisha hupiga kelele kila mvua inaponyesha. Wananchi wakihamishwa mara mbili au tatu bila jambo kutokea, mara ya nne hawatahama. Kwa upande mwingine, mrija wenye mwanya mkavu, au uliosimikwa katika udongo uliopakwa na keekee, hubaki kimya huku mteremko ukishiba.

6.0 Kalibresheni

Kalibresheni ni kuulinganisha usomaji wa chombo na kiasi halisi cha maji. Silinda ya chuma yenye ujazo unaojulikana husukumwa udongoni, sampuli hupimwa uzito, hukaushwa katika tanuri kwa nyuzijoto 105 za Selsiasi kwa saa 24, kisha hupimwa tena. Kwa silinda ya sentimita za ujazo 100, sampuli yenye gramu 148 ikishuka hadi gramu 120 imepoteza gramu 28 za maji. Unyevu wake ni 0.28 kwa ujazo. Sampuli zichukuliwe wakati wa kiangazi na wakati wa mvua, kwa kila tabaka. Mlinganyo wa kiwandani, uliotayarishwa kwa udongo usio na mawe, uwe hatua ya kuanzia tu.

7.0 Mipaka ya njia hii

Mrija huonyesha kiasi cha maji. Hauonyeshi mgandamizo wake. Mteremko huporomoka kwa sababu ya mgandamizo, na hiyo ndiyo sababu vipimamgandamizo vinahitajika kando ya mirija. Pia, mrija wa mita 1 hauoni maporomoko yanayoanzia kina cha mita 3. Jambo hili lina sura ya kilugha: taarifa isemayo "ardhi imelowa" haitoshi. Washauri wa sera watofautishe udongo wenye unyevu, udongo uliolowa, na udongo ulioshiba maji, na kila neno lipewe kiwango chake katika waraka wa tahadhari. Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022, uwezekano wa nyaraka hizo kuandikwa kwa Kiswahili umeongezeka, na istilahi legelege zitazaa maamuzi legelege.

8.0 Hitimisho na mapendekezo

Bajeti nyingi za vituo vya kupimia huelekeza fedha kwenye chombo na kuuachia usimikaji siku chache za mwisho. Makala haya yameonyesha kwamba katika udongo wa mawe na miteremko, thamani ya chombo huamuliwa na shimo. Kwa hiyo yanapendekezwa yafuatayo.

Kwanza, kila mrija uwe na kumbukumbu inayosafiri pamoja na takwimu zake: tarehe, hali ya udongo siku hiyo, njia iliyotumika, mashimo yaliyoshindikana, kiasi cha mawe, na uji uliojazwa kama upo.

Pili, usomaji wa mirija usitumiwe kuamuru watu kuhama kabla ya kupita angalau misimu miwili ya mvua ya uchunguzi na kalibresheni.

Tatu, mafundi wa kutoboa na kusimika wafunzwe kutoka miongoni mwa wakazi wa Maliba, Bwera na maeneo jirani, kwa kuwa mrija ulioharibika katikati ya msimu hauwezi kumsubiri mtaalamu kutoka Kampala.

Nne, taasisi za hali ya hewa, maji, kilimo na maafa zitumie mirija ile ile. Usomaji unaomwonya mkazi wa mteremkoni ndio unaoweza kumwambia mkulima wa skimu ya umwagiliaji ya Mubuku iwapo maji ya juu yapo au yamekwisha.

Mkazi anayeishi chini ya mteremko hataliona jedwali la takwimu. Ataambiwa ahame au abaki. Neno hilo litakuwa kweli kwa kadiri tu mrija ulivyosimikwa vyema.